Vigelegele vya Mke Mkubwa

Wake wenza wawili walikaa benchi moja katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Viwanda, kila mmoja akimwombea mwanawe dua ya kimyakimya. Nafasi ya fundi wa kuchomelea ilikuwa moja tu, na vijana wao wote wawili waliitaka. Kila kijana alikuwa ameunga vipande viwili vya chuma, na mashine ingevivuta mpaka vikatike.

Chuma cha Shaweji, mtoto wa mke mdogo, kilitangulia. Mashine ilivuta, chuma kikalia, kikawa chembamba kama kiuno, kisha paa! Kikakatika.

Bi Tabu, mke mkubwa, hakujizuia. Kijicho alichokilea miaka kumi na tisa kikamtoka kwa vigelegele, ukumbi mzima ukageuka.

Mpimaji akaviinua vile vipande akitabasamu. "Vyote hukatika, mama. Sisi tunatazama kimekatika wapi. Hiki kimekatika kando. Pale alipounga hapajaguswa."

Mke mdogo akamshika mkono mwenzake. "Ahsante, dada! Mimi mama mzazi bado nimeduwaa, wewe umeshanipigia!"

Watu wakaangua kicheko. Mpimaji akampa Bi Tabu kipande chenye kiungo, kingali na joto, ajionee mwenyewe. Bi Tabu akapitisha kidole gumba taratibu, akitafuta japo kitundu kimoja, asikipate. Mbele yake chuma cha mwanawe kikabanwa, na mashine ikaanza kuvuta.