Saa ya Ukutani

Binti alipanda kiti akiwa na sare yake ya shule, akaishusha saa ya ukutani mbele ya familia nzima.

"Irudishe!" baba akasema. "Mwanafunzi bila saa ni bendera, hufuata upepo."

"Baba, leo tena nimefika shule nikakuta geti bado limefungwa, mlinzi anapiga mswaki. Darasani nasinzia mpaka wananiita popo."

Baba akakohoa. "Niliisogeza mbele kidogo tu, usichelewe."

"Kumbe na wewe?" mama akashtuka. "Mbona mimi pia niliisogeza!"

Bibi alikuwa akikunja ncha ya shuka lake, macho chini.

"Bibi?"

"Mjukuu wangu, unapenda mno kitanda."

Binti akaigeuza saa. Mgongo wote ulijaa vumbi, ila kile kitufe cha kusogezea mishale kilikuwa kinang'aa kwa kushikwashikwa. Hakukigusa. Aling'oa betri, akaifumbata kiganjani.

"Kesho utaamkaje?" baba akafoka.

"Nitaamka mwenyewe."

"Na ukichelewa?"

"Nitachelewa mwenyewe."

Akaitundika saa iliyokufa mahali pake, akaenda kulala, jua bado linawaka.