Mlango wa Oveni

Keki ya tatu nayo ilididimia katikati, na wageni wa posa walikuwa wanafika alasiri.

"Mkono wako ndio mzito, Mwanahawa," alisema mama mkwe wake.

"Mama, umefungua oveni mara nne! Joto likitoka, keki inashuka."

"Miaka arobaini nimeoka kwa makaa, nikifunua kifuniko nilivyotaka. Zangu zilishuka lini?"

Mwanahawa alikoroga unga upya, akaingiza keki ya nne, kisha akavuta kigoda na kuketi mbele ya oveni, akaupa mlango mgongo.

"Sogea nichungulie."

"Sisogei."

"Unaniambia mimi?"

"Nakwambia wewe, mama."

Joto lilimchoma hadi machozi yakamtoka. Mkono wa mama mkwe ulishapita juu ya bega lake kuufuata mpini wa mlango. Ndipo harufu ya iliki ya keki ikaanza kupanda, na ule mkono ukasita hewani, mlango ukabaki umefungwa.