Betri Juu ya Meza

Bi Sikudhani alipanda ngazi za ofisi ya bima akiwa amekumbatia betri ya pikipiki yake ya umeme, akaibwaga juu ya meza ya Bwana Kitwana hadi chai ikamwagika kwenye mafaili.

Bwana Kitwana alirudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. "Dada, toa hicho kitu humu! Kitatulipukia!"

"Kimelipuka lini?" Sikudhani alifoka. "Mwaka wa tatu huu nabeba abiria nacho. Nalala nacho chumba kimoja na wanangu. Leo mnaniandikia barua kwamba bima yangu imepanda mara tatu, eti kuna pikipiki iliungua katika mji ambao sijawahi hata kuukanyaga!"

"Ni agizo kutoka makao makuu, dada yangu. Hizi za umeme ni hatari."

"Nani alikuja kuikagua yangu?"

Bwana Kitwana alianza kukung'uta chai kwenye faili moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na chini ya dirisha lake mlinzi alikuwa akiijazia jenereta petroli bila kuizima, sigara mdomoni.

Sikudhani alimwona. Akakaa kitini, akakunja mikono.

"Iguse," alisema. "Ukiungua, nalipa mnachotaka."

Watu kwenye foleni nyuma yake walinyoosha shingo. Mkono wa Bwana Kitwana ulinyooka polepole juu ya karatasi zilizolowa, ukasimama shubiri moja kutoka kwenye betri, huku harufu ya petroli ikiingia dirishani na kujaa chumba kizima.