Shikamoo ya Mwanahawa

Mzee Shekigenda hakuwa na pensheni, wala meno ya mbele, wala cheti cha shule ya mchana, maana kusoma alisoma usiku, tayari akiwa baba wa watoto watatu. Na sasa, kwa mujibu wa serikali, hakuwa na mjukuu.

Siku hizo kila mtoto alipimwa moyo anapozaliwa, na mashine ikaandika siku atakayokufa. Siku hiyo ikifika, jina lilifutwa daftarini, awe amekufa au hajafa. Mjukuu wake Mwanahawa, mwenye ugonjwa wa misuli ya moyo, aliandikiwa miaka minne. Jina lake lilifutwa yeye akila andazi. Sasa ana miaka sita, akipanda ngazi anahema, na anataka shule.

"Mzee wangu, mtoto huyu hayupo," alisema karani wa shule.

"Hayupo? Na huyu anayechezea kalamu yako ni jini?"

"Shikamoo," Mwanahawa akamwamkia karani.

Karani akainamisha kichwa. "Nikiitikia, mashine itauliza naongea na nani."

Mzee alirudi nyumbani na hasira. Akamwandikia waziri kurasa tatu kali, akazisoma, akazichana. Akamkabidhi mjukuu kalamu.

"Andika ulichomwambia yule bwana."

Mwanahawa akaandika polepole, akipumzika kila baada ya herufi mbili: *Shikamoo. Mimi Mwanahawa.*

"Sasa tuone kama waziri naye atakosa adabu," mzee akasema. Akailamba bahasha, akaigandamiza kwa ngumi, akaenda kuitia posta.