Kozi ya Siku Tatu

Shekue alimkazia mkewe, Mwanaidi, mikanda ya jaketi la kujiokolea mpaka akawa anahema kwa kuibia. Tangu mumewe anunue mashua ya kutembea baharini, Mwanaidi hakuonja tena Jumapili ya nchi kavu.

"Huyu kozi ya siku moja inamtosha," Shekue alimwambia mwalimu wa chuo cha mabaharia. "Ajifunze kutulia majini, anisubiri nimwokoe."

"Ipo na ya siku tatu, mama," mwalimu akasema. "Hiyo unafundishwa kurudisha chombo pwani nahodha akiwa hayupo."

Shekue akacheka. "Mimi nitakuwa nimekwenda wapi?"

Mwanaidi alichukua kalamu, akatia alama kwenye siku tatu katika fomu ya kujiandikisha. Kisha, bila kuinamisha macho, akaanza kuitafuta kwa vidole bizimu ya kufungulia mkanda.