Mama Anaoga

Mwanangu wa mwisho, tunayemwita Kipipi, alipotoka nyuma ya shuka amevaa kilemba changu, sote tulicheka. Kwenye mchezo wa kuigiza waliotuandalia watoto wangu, yeye ndiye alikuwa mama.

Mama yangu mzazi tulimweka kiti cha mbele. Mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika, umefungwa plasta ngumu ya hospitali, basi alishangilia kwa kujipiga pajani.

Kipipi alishika kipande cha sabuni, ndiyo simu. Kaka yake akaiga mlio. Kipipi akaitazama sabuni, akabinua mdomo vilevile ninavyobinua mimi.

"Bibi yenu huyo! Hachoki? Pokea wewe, mwambie mama anaoga."

Dada yake akaipokea. "Shikamoo bibi. Mama anaoga."

Watoto wakaangua kicheko. Mama yangu naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaanza kukwangua plasta kwa ukucha, taratibu, unga mweupe ukimdondokea kwenye gauni.

"Mwanangu," akaniambia, "Jumanne ile nilipoanguka, nilikupigia mara tatu nikiwa pale chini sakafuni. Ulikuwa unaoga kweli?"

Akina mama wenzangu, nawaambia, mtoto haoni uongo wetu kuwa ni siri. Kwake ni mambo ya nyumbani tu, kama kufagia. Nikainama, nikaanza kumpangusa mama ule unga kwenye gauni.

Watoto walidhani bado tunaigiza. Kipipi akaninong'oneza, mnong'ono wa kusikika na nyumba nzima:

"Mama, sema! Ni zamu yako."