Liwa ya Bibi Arusi

Liwa ya manjano, ile ya msandali wa kusaga, ilikuwa imekauka usoni mwa Soazara, lakini kando ya pua ilikuwa imepasuka.

"Shangazi, nasikia baridi," alisema. Mji mzima wa Mahajanga ulikuwa ukitoka jasho.

"Baridi ya kuolewa hiyo," wanawake wakamtania. "Mumeo ataitoa."

Mimi sikucheka. Juzi nililikamua jipu lake la kando ya pua kwa kucha zangu, Mungu anisamehe, kisha nikalifunika kwa liwa. Jirani yetu muuguzi alikuwa amenionya: "Jipu la hapo halikamuliwi, mama. Sumu yake hupanda kichwani. Mpeleke hospitali." Nilimjibu kwamba liwa haijawahi kumuua mtu.

Nikalowesha kitambaa, nikaifuta liwa taratibu. Maua meupe niliyoyachora yakaondoka. Chini yake shavu lilikuwa limevimba na lina moto. Jicho la upande ule lilikuwa limetokeza nje, wala halikuufuata mkono wangu.

"Shangazi, mbona naona mko wawili?"

Ngoma za bwana arusi zilikuwa zimefika mlangoni. Mama yake Soazara akaninyooshea bakuli la liwa. "Wifi, mpake upya upesi, wasimwone hivi."

Nikalipindua bakuli sakafuni, nikambeba Soazara mgongoni kumpeleka hospitali.